Mwenye Ardhi na Mgeni Wake Msituni

Aghalabu hoteli ya msituni inayojinasibu kuwa hailidhuru pori humwonyesha mgeni paa la makuti, taa hafifu na ilani ya kumwomba asibadilishe taulo kila siku, naye, ijapokuwa amefika kwa ndege kutoka bara la mbali, hulala akiwa ameridhika na nafsi yake; walakin hayo ni mapambo, kwani tajiri yeyote aweza kuyanunua, na mwenye kutaka kuijua hakika ya hoteli sharti autazame mkataba wake.

Chukua mfano wa Posada Amazonas, iliyo kando ya Mto Tambopata, kusini-mashariki mwa Peru, ambayo vyumba vyake vimeachwa bila ya ukuta upande unaoelekea msituni. Mwaka 1996 wenyeji wa jumuiya ya Infierno, ambao baadhi yao ni wa kabila la Ese Eja, walifunga mkataba wa miaka 20 na kampuni ya Rainforest Expeditions, kwamba katika kila sehemu 100 za faida, 60 ziwe zao na 40 ziwe za kampuni, na maamuzi yakatwe kwa shauri la pande zote mbili; aidha wenyeji wafundishwe kazi, wasibaki kuwa watumishi na wabeba mizigo tu, bali wawe waongozaji wa wageni na wasimamizi.

Faida hiyo hutokana na hayawani walio hai. Mti wenye kiota cha tai wa harpy, awindaye kima matawini, huwa na thamani zaidi ukisimama kuliko ukipasuliwa mbao. Na fisi maji wakubwa wa ziwa la Tres Chimbadas, ambao ulezi wa watoto wao huharibika mashua zikiwasogelea mno, hutazamwa kwa mbali. Lakini ajabu kuu iko kwenye kingo za mto, ambako kasuku wa rangi anuwai hukusanyika asubuhi kula udongo. Wataalamu walidhani kuwa udongo huo huizimua sumu iliyomo katika mbegu na matunda mabichi, rai ambayo haijatupwa kabisa. Hata hivyo vipimo vya baadaye vimewaelekeza wengi kwenye chumvi, maana Amazon ya magharibi iko mbali mno na bahari ya Atlantiki, na chumvi ni adimu katika mimea yake.

Katika jimbo la Madre de Dios, iliko hoteli hiyo, wachimba dhahabu wamefyeka misitu na kuichafua mito kwa zebaki, na kijana asiye na kazi wala fungu katika faida kama hiyo hana haja ya kwenda mbali ili ajiunge nao. Basi, msomaji, kabla hujalipa fedha zako kwa hoteli yoyote ya msituni, uliza ardhi ni ya nani, na katika hicho unachokilipa mwenye ardhi hupata kiasi gani.