Pikipiki Kibete ya Vyuma Chakavu na Vilima vya Ngara

Katika wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, safari hupimwa kwa vilima kuliko kwa kilomita. Baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi husukumwa inapopanda na huzuiwa kwa nguvu zote inaposhuka, na mwenye baiskeli hutokwa na jasho pande zote mbili za kilima. Upande wa mashariki, katika wilaya ya Biharamulo, nchi hulegea kidogo na kuwa ya miombo na mabonde mapana. Lakini barabara za vijijini ni zile zile za udongo mwekundu, zenye vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Katika mazingira hayo, fundi mwenye mashine ya kuchomelea na rundo la mabaki ya baiskeli na pikipiki kuukuu ana kila sababu ya kujiuliza: je, kutokana na vyuma hivi, haiwezekani kuunda chombo kidogo cha injini, chenye magurudumu madogo, kitakachompandisha mtu kilima bila gharama kubwa?

Jibu ni kwamba yawezekana. Lakini swali lenyewe limeulizwa nusu tu, kwa maana ugumu wa kazi hii haumo katika kupanda.

Vyombo vya aina hii vina historia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942 na 1943, Uingereza ilitengeneza pikipiki ndogo iliyoitwa Welbike kwa ajili ya askari wa miavuli. Ilikuwa na injini ya Villiers ya sentimita za ujazo 98, uzito wa kilo 32 hivi, na ilikunjwa ikaingia katika kasha la kuangushwa kutoka angani. Ilikuwa na breki moja tu, ya nyuma, na magurudumu yake madogo hayakufaa katika ardhi mbovu. Baadaye, katika miaka ya 1960, vijana wa Marekani walichukua injini za mashine za kukatia majani wakazifunga kwenye fremu fupi za mabomba. Katika nchi za Magharibi ukazuka pia mtindo uitwao wa panya: pikipiki hutunzwa ili itembee tu, kwa spea yoyote ipatikanayo, bila kujali rangi wala sura. (Mtindo huo usichanganywe na njia za panya, ambazo wakazi wa mpakani wanazifahamu vizuri zaidi.) Huko Ulaya na Marekani hayo ni mapenzi ya mtu na chombo chake. Katika gereji bubu za Afrika Mashariki, kutengeneza kwa kipatikanacho ndiyo njia ya kila siku, na hakuna aliyeona haja ya kuipa jina.

Karibu zaidi, katika Kivu, kuna chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili ambacho watu wa Goma wamekitumia tangu miaka ya 1970 kubebea viazi, makaa na mbao. Magurudumu yake ya mbao huvishwa vipande vya tairi kuukuu, na chombo hubeba mizigo ya mamia ya kilo. Mwaka 2009 Goma ilijengewa sanamu ya mtu anayesukuma chukudu, heshima ambayo ni vyombo vichache vya usafiri vimeipata. Na katika Buzinza, nchi ambayo sehemu yake imo Biharamulo, Warongo walikuwa mafundi waliojulikana kwa kuyeyusha chuma kutokana na mawe na kufua majembe hadi karne ya 20. Kutengeneza chombo kwa chuma kilichopatikana si jambo geni katika sehemu hizo.

Sasa injini. Nyingi katika pikipiki za Kichina zilizoenea Tanzania zina asili katika Honda CG125, iliyotolewa mwaka 1976. Wahandisi wa Honda walitambua kwamba katika nchi nyingi zinazoendelea mwenye pikipiki hana nafasi wala spea za matengenezo ya mara kwa mara. Wakaacha mnyororo unaoendesha valvu kutoka juu ya injini, wakarudi kwenye fito za kusukuma, mtindo wa zamani usiohitaji kurekebishwa mara kwa mara. Muundo huo ukaigwa na viwanda vingi, na ndiyo sababu kifaa cha pikipiki moja mara nyingi huingia katika nyingine yenye jina tofauti kabisa. Kwa mwokota vyuma hiyo ni neema. Injini kuukuu za mipigo miwili nazo ni nyepesi na rahisi kufungua, ila zina hila moja ambayo kilima huifichua. Zile ambazo oili yake huchanganywa na petroli hupata ulainisho pale tu petroli inapoingia. Mwendeshaji akifunga mafuta na kuteremka mteremko mrefu injini ikizunguka kwa kasi, pistoni inakosa oili na yaweza kukwama. Tena injini hizo husaidia kidogo sana kuzuia mwendo.

Gurudumu dogo nalo ni gia iliyofichwa. Gurudumu la kawaida la inchi 18 likizunguka mara moja, chombo husogea kama mita 1.9, la inchi 10 husogea kama mita 1.35. Kwa sproketi zile zile, mwendo wa juu hupungua karibu asilimia 30, na nguvu ya kuvuta huongezeka karibu asilimia 40. Kwa kupanda kilima, hesabu hiyo yapendeza. Lakini gurudumu linapokutana na jiwe, hesabu hugeuka. Chukua jiwe lenye kimo cha sentimita 5. Gurudumu lenye nusu kipenyo cha sentimita 30 huhitaji kusukumwa kwa nguvu ya takriban theluthi mbili za uzito lililoubeba ili lipande jiwe hilo polepole. Gurudumu la sentimita 15 huhitaji nguvu inayozidi uzito wote. Kwa hiyo kila tuta na kila shimo la barabara ya kijijini hupiga fremu ya chombo kidogo kwa ukali zaidi, na pigo hilo huishia kwenye shingo ya usukani.

Hapo ndipo historia ya chuma inapohojiwa. Mabomba ya fremu za baiskeli za zamani ni membamba, na yaliungwa kwa shaba ndani ya vikombe vya chuma kwa sababu ya wembamba huo. Yakichomelewa kwa umeme na mkono usio mwepesi hutoboka, au hubaki na mfereji mwembamba pembeni mwa mshono, na mfereji huo ndio mlango wa ufa. Bomba la maji lina unene zaidi, lakini limepakwa zinki. Moshi wake wakati wa kuchomelea huleta homa na baridi saa chache baadaye, ambayo wengine hudhani ni malaria. Zinki iondolewe kwa tupa au jiwe la kusagia kabla ya moto kuwashwa, na kazi ifanyike mahali penye upepo. Kama fundi hajui chuma alichookota ni cha aina gani, cheche za jiwe la kusagia zitamweleza. Chuma laini hutoa cheche ndefu zenye matawi machache. Chuma chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka kama maua. Chuma cha kusubu hutoa cheche fupi nyekundu, nacho kisitumike mahali pa kupinda.

Chuma kilichokwisha kufanya kazi miaka 30 kinaweza kuwa na nyufa zisizoonekana kwa macho. Kuna njia ya zamani, iliyotumika katika karakana za reli, ambayo haihitaji chombo chochote cha maabara. Rangi na kutu huondolewa, kisha sehemu inayoshukiwa hupakwa mafuta ya taa na kuachwa nusu saa. Hupanguswa mpaka ikauke, ikapakwa unga wa chaki au chokaa. Palipo na ufa, mafuta yaliyojificha hutoka na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Ekseli au uma wa mbele ukionyesha mstari huo, usichomelewe, utupwe.

Tufike sasa kwenye mteremko. Mtu, mzigo mdogo na pikipiki kibete huweza kufikia kilo 120. Wakishuka kimo cha mita 100, jambo la kawaida katika Ngara, nishati ya takriban kilojuli 118 lazima iende mahali fulani. Ikiwa yote itaingia katika ngoma moja ya breki ya chuma yenye uzito wa kilo 1.5, joto lake litapanda karibu nyuzi 170. Upepo na injini hupunguza sehemu ya mzigo huo. Lakini ngoma ndogo ndani ya rimu ndogo ina chuma kidogo cha kuhifadhi joto na nafasi ndogo ya kulitoa, na breki iliyopata moto hupoteza mshiko. Breki za mpira wa baiskeli zinazobana rimu hazifai hata kuzungumzwa. Klachi inayojibana yenyewe kwa kasi, iliyopendwa katika pikipiki ndogo za Marekani, huachia injini mwendo unapopungua, na hivyo humnyima mwendeshaji msaada wa injini mahali anapouhitaji. Chombo cha Ngara kiwe na gia za kuchagua kwa mguu na breki mbili zilizo huru, kila moja na waya au fimbo yake.

Viatu vya breki vya zamani vina hatari nyingine. Vingi vya miaka ya 1970 na 1980 vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likivutwa huleta maradhi ya mapafu baada ya miaka mingi. Visipulizwe kwa mdomo wala kupigwa msasa vikiwa vikavu. Ngoma isafishwe kwa kitambaa kilicholowa, kisha vinunuliwe viatu vipya, hata kama kila kitu kingine kimeokotwa.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka chombo cha moto kisajiliwe kabla ya kutumiwa katika barabara ya umma, na kwa pikipiki kibete sababu yake inaonekana waziwazi katika njia ya kutoka Lusahunga kwenda Rusumo, ambako malori ya mizigo ya Rwanda hupita mchana na usiku. Dereva aliyekaa juu ya lori haoni kilicho chini karibu na bampa lake, na chombo kibete kina kimo cha chini mno. Mahali pake ni shambani na katika njia za kijiji, na hata huko majaribio yaanze bila mzigo.

Jaribio la kwanza ni kusimamisha chombo kwenye mteremko mkali zaidi wa kijiji kwa breki ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. La pili ni kushuka polepole kilima kirefu na kusimama chini. Hapo yanyunyizwe matone machache ya maji juu ya ngoma. Yakitulia, kazi imefaulu. Yakichemka na kuruka mara yanapogusa chuma, ngoma imepita nyuzi 100 na zaidi, na fundi arudi kutafuta kitovu kikubwa zaidi.