Kitalu Hakisubiri Mvua

Katika ukanda wa pwani, kuanzia Tanga hadi Dar es Salaam, masika hayaji bila kubisha hodi. Kaskazi iliyovuma tangu Desemba hulegea, fukuto huzidi hata usiku, mawingu mazito huanza kujikusanya. Wenye bustani wengi huziona dalili hizo na bado husubiri kumbikumbi. Lakini kumbikumbi hutoka ardhi ikishalowa, na anayesia mbegu siku hiyo amechelewa. Mche wa sukuma wiki hukaa kitaluni wiki 3 hadi 4. Biringanya na pilipili huweza kufika wiki 6 au zaidi. Mvua kwa kawaida huanza Machi, kwa hiyo kitalu ni kazi ya Februari, na cha biringanya na pilipili ni kazi ya Januari.

Kabla ya kusia, zijaribu mbegu zako. Zifunge 10 katika kitambaa chenye unyevu, uziweke kivulini wiki moja, za pilipili wiki mbili. Zikiota chini ya 7, tafuta nyingine.

Adui mkubwa wa kitalu ni kinyausi. Mche huchomoza vizuri, kisha shina hulainika pale linapogusana na udongo, ukaanguka. Watu hudhani una kiu, wakaongeza maji, na hapo ndipo kitalu kizima huteketea. Vimelea vyake huishi udongoni na hupenda maji yaliyotuama na miche iliyosongamana. Mche ulioanguka hauponi, hivyo tegemea kinga: changanya udongo na mchanga na mboji iliyoiva, tumia chombo chenye matundu chini, sia kwa mistari, na kina kisizidi mara 2 au 3 ya unene wa mbegu. Mwagilia asubuhi. Nyasi kavu ulizotandaza juu ya kitalu ziondoe mara miche ichomozapo, usingoje kesho. Kivuli cha makuti kipunguze kidogo kidogo wiki ya mwisho, ili miche izoee jua.

Bamia na karoti hazihitaji kitalu. Karoti hasa, kwani mzizi wake ukisumbuliwa hupinda.

Nyanya sizipendekezi kabisa kwa masika katika bustani ya wazi. Majani yanayolowa kila siku hushambuliwa na magonjwa ya ukungu, na utatumia fedha nyingi kwa dawa kuliko utakazookoa sokoni. Zisie mwishoni mwa Aprili, uzipandikize mvua zinapopungua.