Mapango ya Mlima Elgon: Nani Aliyeyachimba?

Mlima Elgon umekaa mpakani mwa Kenya na Uganda, na miteremko yake ya upande wa Kenya huelekea Kitale na Bungoma. Ni volkeno iliyozimika tangu zamani za kale. Kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, kilichoko upande wa Uganda, kina urefu wa mita 4,321. Aghalabu mgeni atokaye Kitale na kuingia katika mbuga ya taifa, iliyotengwa mwaka 1968, huwa na haja moja kuu: kuyaona mapango. Yaliyo mashuhuri ni Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha. Makala haya yanaeleza jinsi mapango hayo yalivyotokea, na kwa nini swali la nani aliyeyachimba lingali na uzito.

Volkeno ilipolipuka, majivu na vipande vya mawe vilirundikana, vikashikamana, vikawa mwamba usio mgumu sana. Maji yanapopenya, huumung'unya mwamba huo laini, ilhali tabaka gumu la juu husalia mfano wa dari. Hata hivyo, maji pekee hayatoshi kueleza ukubwa wa Kitum, pango linaloingia ndani ya mlima kiasi cha mita 200.

Jibu limo katika chumvi. Mvua nyingi za mlimani huyaondoa madini udongoni, na kwa hivyo majani huwa na upungufu wa chumvi. Mwamba wa mapangoni, kwa upande wake, una chumvi za sodiamu kwa wingi. Ndovu huingia usiku wakipapasa njia kwa mikonga yao, wakaumegua mwamba kwa pembe, wakausaga kwa magego na kuumeza. Michirizi ya pembe zao huonekana kutani. Desturi hiyo, ikirudiwa kizazi baada ya kizazi, imelipanua pango.

Mwaka 1883 msafiri Mskoti, Joseph Thomson, alifika katika mlima huu akakuta watu wakiishi mapangoni pamoja na mifugo yao. Alikubali kwamba mapango yalichimbwa kwa mikono, lakini hakuamini kuwa ni mikono ya watu wa mahali hapo. Aliona heri kuyanasibisha na taifa la kale lenye ustaarabu mkubwa zaidi. Wenyeji walikuwa mbele ya macho yake, ila kazi yao hakuiona.

Waliokaa humo ni Wakony, mojawapo ya jamii za Wasabaot. Kwao pango lilikuwa boma. Mdomo wake ulizibwa kwa magogo, ndani mkajengwa vibanda, na ng'ombe wakaingizwa jioni ili wasitekwe na maadui. Fauka ya hayo, wafugaji wenyewe waliuchimba udongo wa chumvi wakawapa mifugo wao. Kwa hiyo, wachimbaji walikuwa watatu: maji, ndovu na mfugaji. Hapana haja ya kumtafuta wa nne kutoka mbali.

Suala hili linamhusu pia mwanafunzi wa lugha. Katika ngano nyingi pango ni makao ya zimwi, fisi au wezi, na ni rahisi maana hiyo kumwangukia binadamu aliyelifanya pango nyumba yake. Majina, kwa upande mwingine, yamehifadhi kumbukumbu. Jina Elgon huhusishwa na Wakony, na Bungoma huhusishwa na Wabong'om, ambao pia ni Wasabaot. Wabukusu na Wagisu nao huuita mlima huo Masaba.

Wahenga walisema kuwa asiyekuwepo na lake halipo. Katika mapango ya Elgon mambo yalikwenda kinyume: wenyewe walikuwapo, lakini lao likapewa wasiokuwapo. Mgeni asimamaye leo mdomoni mwa Kitum, akiitazama michirizi ya pembe kutani, yafaa akumbuke kwamba anasimama pia mlangoni pa nyumba ya watu.