Macho Hayazoei Miwani

“Daktari, nikianza kuvaa miwani, si macho yatazoea?” Swali hili huulizwa katika kliniki za macho kutoka Kariakoo hadi Kisumu, na anayeuliza mara nyingi ana miaka arobaini na kitu na kichwa kinamuuma kila jioni. Fundi cherehani anamwita mjukuu amtungie uzi. Mwalimu anasahihisha madaftari huku mkono wake umenyooka hadi mwisho. Mama lishe anachambua mchele, chuya na mawe yanabaki, wateja wanalalamika. Wengi wao wangeweza kumudu miwani ya kawaida ya kusomea. Hawainunui kwa sababu wameambiwa itayafanya macho yao yawe mavivu.

Hayatakuwa. Ukungu huu wa umri unaofifisha vitu vya karibu haufundishwi na miwani wala haucheleweshwi kwa kuikwepa, na ni makosa kwamba watu bado wanashonea, wanasomea na wanasahihishia ndani ya ukungu huo miaka mitano au kumi kwa sababu ya kauli ya jirani.

Ndani ya jicho kuna lenzi inayobadili umbo kila mtu anapotazama kitu cha karibu. Lenzi hiyo hukakamaa polepole tangu utotoni. Mtoto wa miaka kumi huona wazi herufi iliyo chini ya sentimita 10 kutoka jichoni. Mtu wa miaka hamsini mara nyingi huisogeza hadi sentimita 40 au zaidi. Msuli unaoiendesha lenzi bado unafanya kazi. Kilichokakamaa ni lenzi yenyewe, mithili ya mpira uliokaa juani miaka mingi. Kwa hiyo zile video za “mazoezi ya kuondoa miwani” zinazosambazwa kwenye simu zinamhangaisha mtu bure: hakuna msuli uliolala unaosubiri kuamshwa.

Imani hii haikuzuka hewani. Watu waliona jambo la kweli wakalitafsiri vibaya. Mtu anaanza na miwani ya namba +1.00 akiwa na miaka 43, na akifika 53 anahitaji +2.00. Analaumu miwani. Jirani yake wa umri huohuo ambaye hajawahi kuivaa naye lenzi yake imekakamaa vilevile, ila hakuna aliyempima. Halafu yupo anayevua miwani baada ya mwezi mmoja na kushtuka kwamba kitabu kimefifia kuliko zamani. Hakijafifia. Kabla ya hapo hakuwa na kitu cha kulinganisha nacho.

Kuna wanaokubali haya kwa wazee lakini wanawakatalia watoto wasioona ubao: “mpe namba ndogo kidogo, asizoee.” Jambo hili limepimwa. Nchini Malaysia, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwagawa watoto wasioona mbali katika makundi mawili, kundi moja likapewa lenzi kamili na jingine lenzi pungufu kwa makusudi. Baada ya miaka miwili, waliopewa pungufu ndio ambao macho yao yalikuwa yameharibika zaidi. Nchini China, utafiti katika shule zaidi ya 250 za vijijini magharibi mwa nchi uliona kwamba watoto waliopewa miwani bure walipanda katika hisabati, na macho yao yalipopimwa bila miwani hayakuwa yameshuka kwa sababu ya kuivaa. Mzazi anayeificha miwani ya mwanawe kabatini hamlindi na chochote. Anamnyima ubao.

Yale mazoezi ya kuondoa miwani nayo yana baba yake. William Bates, daktari wa New York, alichapisha mwaka 1920 kitabu kilichodai kwamba lenzi haihusiki kabisa na kuona karibu, na kwamba miwani inaweza kutupwa. Alikosea kuhusu lenzi. Alifundisha hata kuliacha jua liingie machoni, jambo linaloweza kuunguza retina, utando wa nyuma ya jicho, na uharibifu huo huenda usipone.

Kisha kuna matone yanayotiwa machoni badala ya miwani: asali, maziwa ya mama, maji ya majani, mkojo. Hakuna hata kimoja kinachofika kwenye lenzi. Kinachoguswa ni konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, na kimiminika chenye vijidudu kikitua hapo kinaweza kuacha kidonda, kisha kovu. Utafiti wa mwaka 1994 kuhusu wagonjwa wa vidonda vya konea nchini Tanzania ulikuta kwamba takriban robo yao walikuwa wametumia dawa za kienyeji za macho. Mtu aliyehitaji lenzi ya dukani anaweza kuishia akihitaji upasuaji.

Na faida ya lenzi hiyo inahesabika kwa fedha. Wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi, walipopewa miwani ya kuonea karibu katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, tija yao ilipanda kwa karibu asilimia 22 zaidi ya wenzao ambao walikuwa hawajapewa. Huko Bangladesh, matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kipato cha waliopewa miwani ya kusomea kikizidi cha wenzao kwa takriban theluthi moja baada ya miezi minane. Ni vigumu kupata ununuzi mwingine wa bei ya miwani ya kusomea unaomrudishia mtu hivyo. Hata hivyo, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 826 walikuwa na tatizo hili la umri bila kusaidiwa.

Kuhusu kununua: kama mbali unaona vizuri na macho yote mawili yako sawa, miwani ya kusomea iliyo tayari dukani inatosha, ijaribu kwa umbali unaofanyia kazi, uchague namba ndogo kabisa inayokupa herufi wazi, na usiendeshee gari. Macho yakitofautiana, pima utengenezewe. Unayebadilisha kati ya ubao na daftari, omba lenzi ya sehemu mbili. Usiongeze fedha kwa ajili ya kuzuia mwanga wa bluu: mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba kunapunguza uchovu wa macho. Mtoto asinunuliwe miwani ya dukani, apimwe. Ukifika miaka 40 pima pia presha ya macho, kwa kuwa glakoma, ugonjwa unaohusiana na presha hiyo, huiba uwezo wa kuona bila maumivu. Mwenye kisukari apimwe kila mwaka. Jicho likififia ghafla au likaanza kuona mimuliko na pazia jeusi, nenda hospitali siku hiyohiyo.