Ukuta Ushikwe kwenye Tofali

Kwenye ramani ya karatasi, ukuta ni mistari miwili tu. Kwenye BIM, yaani modeli ya kompyuta inayobeba umbo la jengo pamoja na taarifa zake, ukuta huohuo una matabaka: plasta ya nje, tofali, plasta ya ndani, pengine gundi na marumaru juu yake. Kabla hujauchora, programu inataka kujua matabaka hayo yote yashikwe na mstari upi. Wachoraji wengi hulipita swali hilo kama hawakuliona.

Programu ya Revit ina machaguo sita: katikati ya ukuta mzima, katikati ya kiini, ambacho kwetu ni tofali, uso wa nje au wa ndani wa ukuta uliokwisha kumaliziwa, na uso wa nje au wa ndani wa kiini. Archicad nayo ina machaguo yanayofanana na hayo. Katika Revit, usipochagua unapewa la kwanza, nalo ndilo lenye balaa.

Chukua ukuta wa nje wa bafu: tofali milimita 150, plasta 15 kila upande, jumla 180. Katikati ya ukuta na katikati ya tofali ni mahali pamoja, kwa hiyo huoni kasoro. Baadaye mteja anataka marumaru ndani. Unaongeza tabaka la milimita 15, jumla inakuwa 195. Programu inailinda katikati ya ukuta mzima, basi nyongeza inagawanywa nusu kwa nusu, na tofali linasogea milimita 7.5 kwenda nje bila mtu kuligusa. Ni kidogo, kweli. Lakini uso wa tofali uliokuwa umelingana na nguzo ya zege sasa umepishana nayo, na kipimo cha milimita 1,500 hadi kwenye uso huo kinasomeka 1,507.5. Fundi gani atapima nusu milimita kwa tepu?

Fundi huvuta kamba kufuata tofali. Plasta huja nyuma, na unene wake hutegemea unyoofu wa ukuta na mkono wa mpigaji. Kwa hiyo ukuta wa nje unaolingana na nguzo ushike kwa uso wa nje wa kiini, na kuta za kugawa vyumba kwa katikati ya kiini, maana hizo hata ukizigeuza tofali halihami.

Mwanzoni mwa usanifu tabaka moja linatosha, ila lipe unene wa tofali tupu. Ukilipa 180, siku ya kuweka maelezo kamili utahangaika na kuta nzima nzima. Rangi usiifanye tabaka kabisa.

Kama modeli imeshachorwa, bado hujachelewa. Katika Revit, kubadili mstari wa kushikia hakuusogezi ukuta. Athari yake huja utakapobadili aina ya ukuta au kuugeuza. Basi ubadilishe leo, kabla mteja hajaenda duka la marumaru.