Askofu wa Mbali, Askofu wa Karibu: Kutoka Dodoma hadi Murgwanza (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) wa Uingereza walivyokaribia kuiacha kazi ya Tanganyika kwa uhaba wa fedha, hadi wenzao wa Australia walipoipokea. Leo tumtazame aliyekabidhiwa mzigo huo, George Alexander Chambers.

Chambers alizaliwa Australia mwaka 1877. Alikuwa kasisi wa Dulwich Hill, jijini Sydney, na huko ndiko alikoanzisha shule ya Trinity Grammar mwaka 1913. Novemba 1, 1927 aliwekwa wakfu katika Kanisa Kuu la Canterbury, Uingereza, kuwa askofu wa kwanza wa Tanganyika ya Kati, makao yake Dodoma.

Dayosisi hiyo ilianzia Ukaguru na Ugogo, ikaenda hadi Biharamulo na Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara. Sasa, kwa taratibu za Kianglikana, katekista hufundisha na kasisi hubatiza, lakini kipaimara na daraja la ukasisi hutolewa kwa mikono ya askofu tu. Hivyo muumini wa Bugufi, hata akimaliza mafundisho yote, ilimpasa asubiri mgeni kutoka Dodoma: treni hadi Mwanza, meli ziwani, kisha barabara ya milima.

Pengo hilo lilizibwa na walimu. Chambers alikuwa mtu wa shule, na wakati wa uaskofu wake Katoke, upande wa Muleba ya leo, palikuwa na chuo cha ualimu. Mwalimu wa misheni alishika chaki siku za kazi, na Jumapili akaongoza ibada. Kisha, katika miaka ya 1930, uamsho wa Walokole, yaani waliookoka, ukawaka Gahini, Rwanda. Kihangaza cha Ngara kinasikilizana na Kirundi na Kinyarwanda, kwa hiyo ushuhuda wa jirani haukuhitaji mkalimani.

Chambers aling'atuka mwaka 1947. Mwaka 1963, mwaka aliofariki, dayosisi yake kubwa ilimegwa na kuzaliwa Victoria Nyanza chini ya Maxwell Wiggins wa New Zealand, makao yakiwa Mwanza. Mwaka 1985 ikazaliwa Dayosisi ya Kagera, na kiti cha askofu kikawekwa Murgwanza, Ngara. Baadaye Biharamulo nayo ikapata askofu wake.

Tumezoea kumpima kiongozi kwa upana wa eneo lake. Huku Kagera kipimo hicho hakifai, maana kila dayosisi ilipopunguzwa, huduma ilizidi kuwafikia watu. Kazi ya Chambers iliyodumu ni kuandaa walimu, na kwa kazi yao kukawa na waumini wa kutosha kudai askofu wao wenyewe.

Wiki ijayo: dayosisi hiyo, ikiwa haijatimiza hata miaka kumi, inajikuta jirani wa kambi ya wakimbizi ya Benaco baada ya takriban robo milioni ya Wanyarwanda kuvuka daraja la Rusumo mwishoni mwa Aprili 1994.