Shule Zetu na Wanaoziendesha

Katika mkutano wa wazazi wa muhula uliopita mzee mmoja aliuliza, "Hii shule ni ya nani hasa? Nikitaka mwalimu wa hesabu niende wapi?" Wengine walicheka, lakini mimi naona swali lile lilikuwa la maana.

Shule ya serikali ina wakubwa wawili. Wizara ya Elimu ndiyo huamua yafundishwayo; chini yake Taasisi ya Elimu hutayarisha mitaala, na Baraza la Mitihani, lililoanzishwa mwaka 1973, hutunga mitihani. Mkubwa wa pili ni TAMISEMI, ambayo huangalia walimu, madarasa na madawati kwa mkono wa Halmashauri. Sisi wa Ifakara tuna Halmashauri ya Mji, na wenzetu wa Mlimba wana yao, ijapokuwa sote tu Wilaya moja ya Kilombero. Basi mwenye haja ya mwalimu aanze kwa Mkuu wa Shule na Bodi, kisha Afisa Elimu Kata, kisha Afisa Elimu Sekondari wa Mji. Akikimbilia Wizarani atachoka bure.

Ama madarasa, babu zetu walifanya mtihani darasa la nne, na wachache tu wakaendelea na shule ya kati mpaka la nane. Sisi tulikuta miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, na miwili ya kidato cha tano na sita. Sasa sera ya elimu, toleo la 2023, imeifanya shule ya msingi kuwa miaka sita, na elimu ya lazima miaka kumi, yaani hadi kidato cha nne.

Hapa ndipo penye kazi. Walioingia darasa la tatu mwaka 2024 walianza mtaala mpya, nao humaliza la sita mwaka 2027. Waliowatangulia humaliza la saba mwaka huo huo. Makundi yote mawili ni ya kidato cha kwanza Januari 2028! Nyumbani kwetu wamo wadogo zangu wawili, mmoja kila kundi. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, viatu na madaftari havikuondolewa, na mwezi wa Januari mpunga wa bonde letu haujawa fedha. Baba ameanza kuweka gunia kando kila mavuno.

Madarasa nayo hayajengwi kwa siku moja. Bajeti ya Halmashauri huanza Julai, na hupangwa miezi kadhaa kabla. Diwani wa kata huketi katika baraza linaloipitisha. Mzazi amwulize wakati huo, si Januari watoto wakiwa wamekwisha simama mlangoni.